Kimulimuli wa Ini

Nianze na chupa mbili. Watu wa hapa Langoni wakiisimulia habari hii huanzia kisimani, na kisima maskini hakina kosa lolote. Chupa zilikuwa za kioo, zina vifuniko vya buluu, na aliyeniletea ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, anayesomea mambo ya jeni chuo kikuu huko bara. Niliyezijaza ni mimi. Kosa ni langu, na ninaliandika kwa mkono wangu kabla mwengine hajaliandika vibaya zaidi.

Mkono wenyewe si wa shule. Nilifika darasa la tatu nikaacha, kwa sababu mwalimu alinitaka nihesabu machungwa ambayo hayakuwapo. Aliyachora ubaoni. Nikamwambia, Mwalimu, yalete tuyahesabu. Akaleta fimbo. Chuoni nilihitimu Kurani, na kuandika nimejifunza kwa kuandika vikaratasi vya dawa: kutwa mara mbili, usichanganye na maziwa. Basi sentensi ikienda ndefu msomaji anisamehe, huwa sijui pa kuisimamisha.

Dawa yetu ni dawa ya ini. Marehemu baba aliipata kwa bibi mmoja wa Mkokoni, na namna alivyoipata ni kisa chengine kinachohusu posa iliyovunjika, sitakiingiza hapa ingawa ni kitamu kuliko hiki. Ni mizizi ya aina mbili na gamba la mti mmoja wa kando ya mikoko, huchemshwa mpaka maji yawe meusi. Ni chungu isiyo na mfano. Mtu akija mato, yaani macho, yamekuwa manjano, mkojo umekoza kama chai ya mkandaa, nilimpa chupa. Waliopona walikuja kunisalimu na kunisifu sokoni. Wasiopona nilikwenda mimi kuwazika, na mazishini hakuna anayeuliza habari za dawa. Kwa hesabu hiyo dawa yangu haikuwahi kushindwa hata siku moja.

Mjukuu wangu alikuja kwa Idi akatukuta ukumbini, mimi na bibi yake, akasema anataka kuipima.

"Kuipima vipi?" nikamuuliza. "Watu wameinywa kabla babako hajazaliwa."

"Ndiyo, Babu, lakini hakuna anayejua inafanya nini ikifika kwenye ini. Sikiza. Ndani ya ini kuna jeni ya kusafisha sumu. Haifanyi kazi saa zote. Mbele yake pana swichi. Likiingia jambo la kuiamsha, swichi inawaka, jeni inaanza kazi."

"Na wewe utaionaje? Utampasua mtu?"

"Simpasui mtu. Ile swichi naichukua peke yake. Naiweka mbele ya jeni ya kimulimuli, ile inayomfanya atoe mwanga. Zote mbili nazitia kwenye kiduara kidogo, kinaitwa plasmidi, halafu kiduara nakiingiza kwenye seli za ini ninazozikuza kwenye kisahani. Sasa dawa yako ikiiamsha swichi, seli haitajificha. Itatoa mwanga wa kimulimuli, na mashine itaupima."

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kwa hivyo," akasema, "huyo kimulimuli ni mbea."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Ndiye huyo, Bibi. Kazi yake ni kutoa habari za ndani."

"Langoni tunao wa kutosha. Mngechukua wa hapa hapa."

Na mimi tangu siku ile sijasikia maelezo bora kuliko hayo, hata nilipokwenda kwa madaktari wenyewe.

Basi akanipa zile chupa mbili. Moja nitie dawa. Ya pili nitie maji matupu ya kisima kile kile, yaliyochemshwa kwenye sufuria ile ile. Akanieleza sababu: maji yakinyamaza na dawa ikawaka, hapo ndipo itajulikana kuwa aliyesema ni dawa. Akaninyoshea kidole kama vile yeye ndiye babu. "Usitie kitu, Babu. Si sukari, si ndimu, si asali. Si kitu chochote."

"Sitii kitu," nikasema. Na wallahi sikutia kitu.

Ila mke wangu aliingia jikoni nikiwa nimeshika zile chupa zikiwa tupu, akayatazama maji sufuriani, akaniuliza, "Mai yanakwenda wapi?"

"Kwa madaktari wa mtoto, chuo kikuu."

"Na utayapeleka kwenye chupa isiyofukizwa? Watu wasomi wafungue chupa ya kutoka Lamu inuke kioo?"

Asiye wa huku hatafahamu uzito wa neno hilo. Kwetu maji ya mgeni hayaendi vivi hivi. Mtungi huinamishwa juu ya chetezo, moshi wa ubani ukaujaa, ndipo hutiwa maji, na mgeni akinywa ajue amefika kwa watu. Mama yangu alikuwa akiufukiza hata mtungi wa maji ya kunawa. Kwa hivyo nikaweka kaa, mke wangu akatia ubani, nikaziinamisha chupa zote mbili, moja baada ya moja, mpaka zikawa nyeupe kwa moshi. Halafu nikatia dawa huku na maji huku, nikafunga vifuniko. Nilijiuliza nafsini mwangu: je, hii ni kutia kitu? Nikajijibu kuwa moshi si kitu. Haushikiki, haupimiki, haukai. Huwezi kumwambia mtu akununulie moshi. Jibu hilo lilinipendeza sana, nikaliacha hapo hapo nisilichunguze.

Mjukuu wangu akaondoka na chupa zake, kwa mashua mpaka Mokowe, kisha basi.

Wiki kadhaa zikapita, siku moja akapiga simu, nikamsikia anapiga mayowe kabla sijaitika. "Babu! Imewaka! Dawa imewaka!"

"Imewaka vipi?"

"Imewaka sana! Bado maji sijayapima, mashine ina foleni, lakini dawa, Babu, imewaka!"

Ningekuwa mtu mwenye busara ningesubiri hayo maji. Nilivaa kanzu nikaenda barazani.

Pale barazani yuko karani mstaafu wa mahakama, ambaye hupokea kila habari kama anaisajili. Alinisikiliza, akavua miwani. "Bwana," akasema, "hili si dogo. Sayansi imekiri."

"Imekiri," nikasema.

"Imekiri mbele ya mashine. Hakuna rufaa."

Mwengine akauliza kama mtu akinywa dawa yangu tumbo lake litatoa mwanga gizani. Nikasema hapana, halafu nikaona namna uso wake ulivyosinyaa, nikaongeza kuwa labda kidogo. Ndivyo nilivyo. Kufika Asri mji mzima ulikuwa na habari kuwa dawa ya Langoni inawasha ini kama taa ya mnarani. Mwanangu wa tatu akatengenezesha vibandiko vya chupa vyenye picha ya mdudu anayemeta. Mdudu mwenyewe alifanana na kombamwiko, lakini nilivipokea.

Simu ya pili ilikuja siku chache baadaye, na mara hii hakupiga mayowe.

"Babu. Maji nayo yamewaka."

"Maji gani?"

"Yale matupu. Yamewaka sawa na dawa. Na tatizo haliko kwenye mashine, kwa sababu kiduara chengine nilichokiweka cha kulinganisha, chenye kimulimuli lakini bila swichi, kimenyamaza, hakikuwaka kwa chupa yoyote. Kwenye maji mna kitu, na mimi nimeulizwa kimefikaje." Kisha akasema polepole, "Daktari anayenisimamia anasema nimechanganya chupa. Anasema mikono yangu michafu. Mwisho wa mwezi kuna kikao. Nisipokuwa na maelezo, kazi yangu inasimamishwa na meza yangu anapewa mwanafunzi mwengine. Niambie ulivyofanya, hatua kwa hatua."

Je, nilijua? Nitasema kweli, kwa kuwa umri wangu hauna tena faida ya uongo. Pua yangu, nikiwa nimesimama pale uani, ikanusa ubani. Nikamwambia mjukuu wangu: nilichota, nilichemsha, nilitia, nilifunga. Vitendo vinne. Cha tano nikakimeza. Maana nilishaona mbali: kama ni moshi uliowasha maji, basi ni moshi uliowasha dawa pia, na hapo dawa ya baba ingebaki nini? Na vibandiko je?

"Pengine," nikamwambia, "kisima kina baraka."

Neno hilo nililisema simuni, lakini mimi husema simuni kwa sauti ya kumfikia mtu bila simu. Jirani alilisikia. Kesho yake asubuhi nikakuta punda watatu mlangoni pa kisima chetu, kila mmoja na madumu manne.

Sijui nilieleze vipi juma lile. Kisima chetu kina chumvichumvi, miaka yote watu walikisema vibaya. Sasa kikawa dawa. Walikuja wa Mkomani, walikuja wa Shela, akaja kijana mmoja mwenye simu akipiga picha dumu lake huku akisema, "Wasee, hii maji ni noma, ina-glow ndani ya liver!" Mwalimu mmoja wa kutoka bara, mtu mpole wa kanisani, aliniuliza kwa heshima kama na Wakristo wanaruhusiwa kuchota. Nikamwambia ini halina dini. Akachota madumu mawili. Karani mstaafu aliweka kiti kando ya kisima akawa anaamua nani katangulia. Na akaja bwana mmoja anayetafuta kura, tayari anaitwa mheshimiwa kwa mkopo, akakipima kisima kwa hatua za miguu yake akaahidi kukijengea uzio na kibao.

"Kibao kitasema nini?" nikamuuliza.

"Kitasema jina langu, Mzee. Kisha hayo mengine."

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mke wangu alikaa siku ile ya saba akawatazama wale punda, akaniita ndani. "Ndoo hapa, Bwana." Ndoo kwetu ni njoo, si ya kuchotea. Nikaenda. "Umemwambia mtoto habari ya chetezo?"

"Bado natafuta namna."

"Namna ya nini? Mtoto wa nyumba hii anaitwa mikono michafu mbele za watu, na mikono michafu ni yako." Kisha akaongeza, "Au ni yangu, aliyetia ubani ni mimi. Nipe simu nimwambie. Ila nikimwambia mimi, nitamwambia na hili la kuwa ulijua."

Bi huyu tumeoana zamani, najua akisema nitafanya huwa ameshafanya nusu. Nikapiga simu mwenyewe.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia kelele. Akasema, "Babu, uliniahidi hutatia kitu."

"Moshi si kitu."

"Moshi ndio kitu chenyewe! Swichi hii, Babu, katika vitu vyote duniani, inachoamkia haraka ni moshi. Moshi wa sigara, wa kuni, wa chochote kinachoungua. Ini huuona kuwa sumu, linaamka kuusafisha." Nikasikia anavuta pumzi, na kisha, astaghfirullah, nikasikia anacheka na kulia pamoja. "Wiki nzima nimeosha visahani. Nimeosha mpaka vidole vimechubuka."

Ndio nikakaa kitako. Vibandiko vile nikavitia jikoni, chini ya kaa.

Aliniambia Daktari hatakubali maneno ya mwanafunzi anayejitetea. Inatakiwa chupa nne mpya: maji yaliyofukizwa na maji yasiyofukizwa, dawa iliyofukizwa na dawa isiyofukizwa. Na aje aliyezifanya, aseme kwa kinywa chake. Basi nikafunga safari. Kwenye kizuizi cha njiani askari mmoja kijana alifungua kikapu changu akaona chupa nne zimezungushiwa khanga.

"Mzee, hii nyeusi ni pombe gani?"

"Dawa ya ini."

"Na hii nyeupe?"

"Maji."

"Na hizi zingine?"

"Dawa na maji."

Alinitazama kwa huruma. "Mzee, kwa nini usibebe mbili?"

"Hilo ndilo swali, mwanangu, ndilo linalonipeleka chuo kikuu."

Akanipungia mkono nipite.

Maabara ni chumba baridi kama sanduku la samaki. Daktari ni mama wa makamo wa kutoka bara, koti jeupe, maneno machache, akaniita Mzee na kunipa kiti. Nilimweleza kila kitu, na hata kile kitendo cha tano kilichokaa tumboni kwangu juma zima. Aliandika. Akaniuliza, "Ubani kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Gramu ngapi, Mzee?"

"Mpaka mke wangu aseme basi."

"Na moshi ulikaa kwenye chupa dakika ngapi?"

"Kiasi cha kumuombea mwenye kunywa."

Aliandika hayo pia, sijui kwa kipimo gani. Siku ile seli zikanyweshwa chupa zangu, tone tone, na kesho yake tukarudi kusoma majibu. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu ya Ijumaa kwa ajili ya huo mwanga. Mjukuu wangu alitia kisahani kwenye mashine, na mashine yenyewe ni kisanduku cha kijivu, hakina hata dirisha.

"Taa iko wapi?" nikauliza.

"Mwanga ni mdogo sana, Babu. Jicho halioni. Mashine ndiyo inayoona, inatuandikia namba."

Siku mbili nzima nimesafiri kuja kumuona kimulimuli nikaonyeshwa hesabu. Lakini nilizitazama zile namba kwenye kioo kama mtu anayesomewa hukumu. Maji matupu: kidogo, kunong'ona tu. Maji ya ubani: yalipanda juu. Dawa ya ubani: ilipanda juu, sawa sawa na maji yake. Imebaki dawa tupu, ile ya baba na ya yule bibi wa Mkokoni, haina moshi wala pambo. Namba ikaja. Kidogo, kunong'ona tu. Swichi haikuijua kabisa.

Kisha Daktari akavua glavu zake akamgeukia mjukuu wangu. "Hukuchanganya chupa. Nilikusema bure. Utaendelea na meza yako, na kwenye kikao nitasimama nawe." Akafikiri kidogo. "Na tasnifu yako itakuwa na sura nzima ya moshi. Tutahitaji ubani zaidi." Akanitazama mimi. "Mzee, hii haisemi dawa yako haifanyi lolote. Inasema tu kuwa haiiamshi swichi hii."

Ni mwanamke muungwana, alitaka kunipa mahali pa kushika. Lakini mimi si mtoto. Mara zote nilizowaambia watu wenye mato manjano wasubiri, dawa inasafisha, wasiende hospitali kwanza, nilikuwa nasema nisilolijua. Sasa mtu akinijia na mato ya namna hiyo humpeleka mwenyewe hospitali, nikakaa naye kwenye benchi, na watu husema nimezeeka au nimehongwa na madaktari. Kisima kile nimewaambia ukweli wake mara kumi. Walichofahamu ni kuwa nakificha nikinywe peke yangu.

Daktari alipotoka kwenda kujibu simu, mjukuu wangu alisogeza kiti. Alikuwa amechora kwenye kompyuta nguzo nne za kuonyesha kwenye kikao, kila chupa na yake, mbili ndefu na mbili fupi.

"Babu," akasema kwa sauti ya chini, "hii ya mwisho, ya dawa tupu, naweza kuiondoa. Niliyoulizwa ni habari ya maji. Nguzo tatu zinatosha kunitetea. Na kikaoni kuna mtu wa Lamu, ataiona."

Niliitazama ile nguzo. Ilikuwa fupi kama kisigino. Nikawaza habari itakavyofika barazani, na karani atakavyovua miwani. Halafu nikaona vidole vyake kwenye vitufe vya kompyuta, ngozi imetoka, pembeni mwa kucha ni pekundu.

"Iache hapo hapo," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Iache. Na uandike chini yake kuwa ni ya nyumbani kwetu. Ila hiyo rangi ya kijivu uliyoipaka siitaki. Ipake kijani, kama mwanga wa kimulimuli."

Akaipaka kijani.